Mzunguko wa Calvin, au wa Nani?

Kila mwanafunzi wa baiolojia aliyefika kidato cha tano hapa Uganda amewahi kuuchora mduara huo. Juu unaandika hewa ya ukaa, unaweka mishale inayozunguka, pembeni sukari inatoka, na katikati unaandika jina kwa herufi kubwa: mzunguko wa Calvin. Mwalimu anasahihisha mishale, anahesabu atomi za kaboni, anatoa alama. Jina halisahihishwi. Mimi nilihama kutoka sayansi nikaingia katika Kiswahili, na labda ndiyo sababu kilichonikaa akilini si mishale bali jina lenyewe. Katika lugha tunafundishwa kwamba jina la kitu lina historia, na mara nyingi ndani ya historia hiyo mna mgogoro. Nilipoifuatilia historia ya jina hili nilikuta watu wengi, vita, kifo cha kijana mmoja, na mtu aliyeambiwa aondoke wakati kazi aliyoijenga inakaribia kukamilika.

Swali lenyewe ni la zamani. Mti mkubwa unatokana na nini? Mzee yeyote kijijini atakujibu kwamba unatokana na udongo na mvua, na Wazungu wa kale nao walijibu hivyohivyo. Katika karne ya 17 Jan Baptist van Helmont, tabibu wa nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alipanda mche wa mti katika chungu chenye udongo alioupima uzito, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti uliongezeka zaidi ya kilo 70, lakini udongo ulipungua gramu chache tu. Akahitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Alikuwa sahihi kuhusu udongo na hakuwa sahihi kuhusu maji, kwa kuwa hakuipima hewa. Zaidi ya miaka 100 baadaye Joseph Priestley wa Uingereza alionyesha kwamba mmea huirudishia uhai hewa iliyochafuliwa na mshumaa, na mwaka 1779 Jan Ingenhousz akaonyesha kwamba mmea hufanya hivyo mwangani tu, tena kwa sehemu zake za kijani. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 ilikuwa imejulikana kwamba hewa ya ukaa na maji vinaingia, na sukari na oksijeni vinatoka. Hiyo ndiyo usanisinuru. Lakini katikati palikuwa na giza. Kaboni iliyomo hewani inapitia njia gani hadi kuwa sukari?

Ugumu wake ni huu. Jani limejaa kaboni tayari. Kaboni mpya ikiingia huwezi kuitofautisha na ile iliyokuwamo. Ni kama kumwaga kikombe cha maji katika Ziwa Viktoria halafu kutaka kujua maji yale ya kikombe yamefika wapi. Usipoyatia rangi, huna namna.

Rangi hiyo ilipatikana Berkeley, katika jimbo la California, Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 vijana wawili wa kemia, Samuel Ruben na Martin Kamen, walianza kutumia kaboni inayotoa mionzi, ile iitwayo kaboni 11, iliyotengenezwa kwa mashine ya saiklotroni. Mionzi ndiyo rangi yenyewe: kokote kaboni hiyo inakokwenda, kipimo kinaisikia. Tatizo ni kwamba kila baada ya dakika 20 nusu yake imekwisha kuoza. Iliwabidi waichukue kutoka kwenye mashine, wakimbie nayo maabara, wailishe mimea, wauchambue mmea, na wamalize kabla alama haijafifia. Hata msomaji asiyejua kemia anaweza kuona kwamba hayo ni mashindano ambayo mtu hashindi. Mwezi Februari 1940 wakapata ndugu yake, kaboni 14, ambayo nusu yake huchukua zaidi ya miaka 5,700 kuoza. Sasa muda haukuwa adui tena.

Walioigundua hawakufaidi. Vita Kuu ya Pili iliwachukua wote wawili, kila mmoja kwa namna yake. Ruben alipewa kazi ya kuchunguza gesi ya sumu iitwayo fosijeni kwa ajili ya jeshi. Mwezi Septemba 1943 chupa ya gesi hiyo ilipasuka akiwa anaishughulikia, akaivuta, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 29. Kamen naye alifukuzwa mwaka 1944 kwa kushukiwa kwamba anavujisha siri za serikali, shaka iliyomwandama miaka mingi, hadi akalishinda mahakamani gazeti moja lililomchafua. Hivyo waliotia rangi maji ya ziwa hawakuwapo pale wengine walipoanza kuifuata.

Hapa ndipo anapoingia Andrew Benson. Alizaliwa mwaka 1917 Modesto, mji wa mashambani California, mtoto wa daktari. Alipata shahada ya uzamivu katika kemia mwaka 1942, akaajiriwa kufundisha Berkeley, akafanya kazi karibu na Ruben. Benson mwenyewe alisimulia baadaye kwamba Ruben alimkabidhi akiba ya kaboni 14 iliyokuwapo, ikiwa katika umbo la unga mweupe, naye akafanya nayo majaribio ya kwanza ya kulisha mwani. Lakini Benson alikuwa mtu aliyekataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri yake. Mwaka 1943 aliondoka Berkeley, akapelekwa katika utumishi wa kiraia badala ya jeshi, akazima mioto ya misitu, baadaye akashiriki utafiti wa dawa za malaria. Sisi wa huku tungeweza kusema kwamba hata hapo hakupoteza muda wake.

Vita vilipokwisha, mkuu wa maabara ya mionzi ya Berkeley, Ernest Lawrence, alimwambia mwanakemia Melvin Calvin kwamba sasa ni wakati wa kuitumia ile kaboni 14 kwa jambo la maana. Calvin alikuwa na umri wa miaka 34, mtoto wa wahamiaji kutoka Urusi, mwenye akili inayowaka na mdomo usiopumzika. Watu waliofanya kazi naye wanasema kwamba alikuwa akipita kila asubuhi kuuliza kuna nini kipya, na asubuhi iliyofuata akauliza tena, hata kama baina ya hizo mbili ulikuwa usiku tu. Alijua kutafuta fedha, alijua kuwavuta watu. Alichohitaji ni mtu wa kuijenga maabara. Mwaka 1946 akamwita Benson.

Benson alipewa jengo la mbao lililokuwa na saiklotroni ya zamani. Alilipanga upya kwa namna ambayo haikuwa kawaida wakati huo. Hakugawanya vyumba. Katikati aliweka meza kubwa nyeupe, na watu wote, wakemia, wanabaiolojia, wageni kutoka ng'ambo, walikunywa kahawa hapo na kutandaza matokeo yao juu ya meza hiyohiyo. Mambo mengi yaliamuliwa kwenye meza ile. Naiona kama baraza ya nyumba za pwani, ambapo anayepita anaulizwa habari na anayejua neno analisema.

Kifaa chenyewe kilikuwa rahisi kuliko unavyofikiri. Walitumia mwani wa chembe moja, wa aina ya Chlorella na Scenedesmus, kwa sababu unakua upesi na kila chembe inafanana na mwenzake. Mwani uliwekwa ndani ya chupa ya kioo bapa na ya mviringo, nyembamba ili mwanga uupenye wote, ikiwa na taa huku na huku. Kwa umbo lake waliiita jina la ile peremende ya kijiti wanayonyonya watoto. Mwani ulipokuwa umezoea mwanga, walichoma sindano ya kaboni 14, wakahesabu sekunde, kisha wakafungua koki ya chini, na mwani ukadondokea ndani ya alkoholi ya moto ukafa papo hapo. Kila kilichokuwa kikiendelea ndani ya chembe kiligandishwa katika sekunde ile.

Ilibaki kusoma yaliyomo. Ndani ya chembe mna mamia ya kemikali zilizochanganyika. Hapo ndipo mwanafunzi mmoja, William Stepka, alipoleta mbinu mpya kutoka Uingereza, kromatografia ya karatasi. Unaweka tone la mchanganyiko kwenye kona ya karatasi kubwa, unaacha kiyeyushi kiipande karatasi upande mmoja, unaikausha, unaigeuza, unapandisha kiyeyushi kingine upande wa pili. Kila kemikali inasafiri umbali wake na kukaa mahali pake. Kisha karatasi ile inalazwa juu ya filamu ya eksrei gizani. Siku au wiki kadhaa zikipita, kila mahali penye kaboni 14 pametia doa jeusi. Kazi iliyobaki ni kujua kila doa ni nani, na hiyo ndiyo kazi iliyokula miaka. Doa halina jina. Lazima ulikate, ulioshe, ulijaribu kwa kemikali hii na ile, hadi likiri.

Wakimpa mwani dakika nzima, karatasi ilijaa madoa: sukari, asidi, hata vipande vya protini. Wakipunguza muda, madoa yalipungua. Walipofika sekunde chache tu, doa moja lilitawala. Mwaka 1948 walilitambua: asidi ya fosfogliseriki, molekuli yenye kaboni 3. Hiyo ndiyo stesheni ya kwanza ya kaboni inapoingia katika mmea. Kijana mwingine, James Bassham, aliyekuja kama mwanafunzi, aliichambua molekuli hiyo kipande kwa kipande ili kujua ni ipi kati ya kaboni tatu ndiyo yenye alama.

Sasa fikiria kama wao. Bidhaa ya kwanza ina kaboni 3. Hewa ya ukaa ina kaboni 1. Kwa hiyo, ukitoa, lazima iwepo molekuli ya kaboni 2 inayoipokea. Hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza. Waliitafuta hiyo ya kaboni 2 hawakuiona. Ilikuwa ni Benson ambaye, mwaka 1951, alitambua kwamba doa moja lililokuwa likiwasumbua ni la sukari ya kaboni 5, ribulosi, ikiwa na fosfati mbili. Na jibu likageuka. Si 2 na 1 zinazofanya 3. Ni 5 na 1 zinazofanya 6, na hiyo 6 inapasuka mara moja kuwa 3 na 3. Walipozima taa ghafla, ile ya kaboni 3 iliongezeka na ile ya kaboni 5 ikapungua, kwani upokeaji uliendelea lakini nguvu ya mwanga ya kuitengeneza upya ile ya 5 haikuwapo. Walipopunguza hewa ya ukaa, mambo yakawa kinyume. Mpokeaji alikuwa amepatikana, na njia haikuwa mstari. Ilikuwa duara.

Hesabu ya duara hiyo inanifurahisha hadi leo. Molekuli 3 za hewa ya ukaa zinapokelewa na molekuli 3 za kaboni 5. Zinatokea molekuli 6 za kaboni 3. Kati ya hizo 6, ni 1 tu inayotoka kwenda kuwa sukari, wanga, mti, chakula chako na changu. Zile 5 zinarudi kutengeneza tena wapokeaji 3 wa kaboni 5. Yaani ni kama mkulima anayevuna madebe 6 na kulazimika kuyarudisha 5 shambani kuwa mbegu. Mkulima wa kawaida angekufa njaa. Mmea haufi kwa sababu unavuna mchana kutwa bila kupumzika.

Makala iliyoeleza duara lote ilitoka mwaka 1954, ikiwa ya 21 katika mfululizo wao kuhusu njia ya kaboni. Ina waandishi sita: Bassham, Benson, Kay, Harris, Wilson na Calvin. Mwaka huohuo wa 1954 Calvin alimwambia Benson kwamba wakati wake wa kuondoka umefika. Benson akaondoka, akaenda kufundisha Pennsylvania.

Mwaka 1961 Tuzo ya Nobel ya kemia ilitolewa kwa utafiti wa namna mimea inavyochukua hewa ya ukaa. Kanuni za tuzo zinaruhusu watu hadi watatu kugawana. Ilikwenda kwa mtu mmoja, Melvin Calvin. Viti viwili vilibaki vitupu. Nimejaribu kuwa mwadilifu kwa Calvin. Mkuu wa kazi ana kazi yake, na bila fedha zake, bila maswali yake ya kila asubuhi, bila jina lake lililofungua milango, huenda meza ile nyeupe isingekuwapo. Mwaka 1949 alipata ugonjwa wa moyo akiwa bado kijana, akaendelea. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba wazo la jinsi vipande vya duara vinavyoungana lilimjia akiwa ameketi ndani ya gari akimsubiri mkewe, na sioni sababu ya kumkatalia. Ningeweza hata kukubali kwamba tuzo ziliangalia juu ya meza na kumwona mkubwa, kama inavyotokea kila mahali.

Nisichoweza kukikubali ni kitabu. Mwaka 1992 Calvin alichapisha kitabu cha maisha yake ya utafiti. Ameeleza humo safari ndefu ya kaboni, na mchango wa Benson hautajwi. Mtu uliyekunywa naye kahawa kwenye meza moja kwa miaka 8, ambaye majina yenu yamekaa pamoja juu ya makala nyingi, humtaji? Kunyimwa tuzo ni uamuzi wa watu wa mbali. Kufutwa katika kumbukumbu za mwenzako ni jambo jingine, na Kiswahili kina neno lake: utovu wa fadhila.

Benson hakuketi kulia. Baada ya Pennsylvania alikwenda Los Angeles, na mwaka 1962 akahamia taasisi ya Scripps ya elimu ya bahari, karibu na San Diego. Aligundua aina za mafuta zilizomo katika utando wa kloroplasti, zikiwamo zenye salfa, na wanaosoma utando huo mpaka sasa wanaanzia kwake. Alichunguza matumbawe na viumbe wadogo wa baharini. Calvin alifariki mwaka 1997. Benson alidumu hadi Januari 2015, akafariki akiwa na miaka 97. Katika miaka yake ya mwisho wanasayansi wa kizazi kilichofuata walimwendea, wakamhoji na kumrekodi, wakaandika upya sehemu yake. Leo baadhi ya vitabu vinaandika mzunguko wa Calvin na Benson, vingine vinaongeza Bassham. Vile vya shule vingi vimebaki na jina moja, kwa kuwa ni fupi.

Hapa ndipo mimi kama mwanafunzi wa lugha ninapoona kwamba jambo hili linatuhusu. Istilahi za sayansi katika Kiswahili bado zinaundwa. Neno usanisinuru lenyewe ni la juzi tu, na wengine husema usanidimwanga. Waingereza na Wamarekani wameshazoea jina lao na kulibadilisha ni kazi ngumu. Sisi tunaandika vitabu vyetu sasa. Tukitafsiri jina moja kwa moja tunatafsiri na usahaulifu wake. Ipo njia nyingine, nayo ni kuliacha jina la mtu na kuuita mzunguko kwa kazi yake, tuseme mzunguko wa kaboni tano. Mwenzangu mmoja darasani amesema jina hilo halina ladha. Pengine. Lakini mtoto akilisikia atajua nini kinazunguka, na hakuna wajukuu wa mtu watakaolalamika.

Mzunguko wenyewe ulipojulikana, swali lilihamia kwenye kimeng'enya kinachoshikisha kaboni kwenye ile ribulosi. Hiki nacho kilikuwa kimeshaonekana kabla ya kujulikana. Mwaka 1947 Samuel Wildman, mtaalamu wa mimea, pamoja na James Bonner walitenganisha protini za majani mabichi, wakakuta moja imejaa kupita zote. Wildman aliiita kwa namba tu, fungu la kwanza. Katika majani mengi inafikia hata nusu ya protini yote inayoyeyuka. Miaka ya 1950 ikathibitika kwamba fungu hilo la kwanza ndilo kimeng'enya chenyewe. Kwa nini kiwe kingi hivyo? Kwa sababu ni kivivu. Vimeng'enya vingine hufanya kazi maelfu ya mara kwa sekunde, hiki hushika molekuli kama 3 tu. Tena mara nyingine hukosea, badala ya hewa ya ukaa kikashika oksijeni. Mmea unafidia uvivu kwa wingi, kama mwajiri asiyeweza kumfukuza mfanyakazi mzembe akaamua kuajiri mia.

Wildman aliendelea nacho Los Angeles kwa kutumia mimea ya tumbaku, na hapo historia ya usanisinuru ikaungana na baiolojia ya molekuli. Kimeng'enya hiki kina vipande 8 vikubwa na 8 vidogo. Mwaka 1972 yeye na wenzake walizalisha machotara ya aina mbalimbali za tumbaku, wakaangalia kila kipande kinafanana na mzazi yupi. Kipande kikubwa kilifuata mama daima. Kile kidogo kilirithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Maana yake ni kwamba jeni ya kile kikubwa imo ndani ya kloroplasti, ambayo katika tumbaku hutoka kwa mama, na jeni ya kile kidogo imo katika kiini cha chembe. Protini moja, nyumba mbili. Mwaka 1980 Lawrence Bogorad na wenzake wakaisoma herufi kwa herufi jeni ya kipande kikubwa, na mmea walioutumia ni mahindi.

Wildman alipostaafu, mwaka 1979, palifanyika kongamano la kumheshimu. Alikuwa amejitahidi miaka mingi kuwashawishi watu kwamba protini hiyo ya majani ya tumbaku inaweza kuwa chakula. David Eisenberg akafanya utani, akakata jina refu la kimeng'enya na kuliita Rubisco, ili lifanane na Nabisco, kampuni ya biskuti. Watu walicheka, na jina likabaki. Hivyo protini inayosemekana kuwa nyingi kuliko zote duniani ina jina la mzaha wa biskuti, na sijaona mtu akiligombania.

Mzunguko ule una mlango mwingine ambao Berkeley hawakuuona, kwa kuwa walikuwa wakitazama mwani. Huko Hawaii, katika maabara ya chama cha wakulima wa miwa, Hugo Kortschak na Constance Hartt walijaribu kaboni 14 kwenye majani ya muwa, kwa mbinu zilezile za karatasi na filamu. Doa la kwanza halikuwa la kaboni 3. Lilikuwa la asidi zenye kaboni 4. Wakati huo duara la Calvin lilikuwa limekwisha kukubalika kila mahali, na matokeo yao yalikaa katika ripoti za chama miaka kadhaa kabla hawajayachapisha katika jarida mwaka 1965. Urusi nako Yuri Karpilov alikuwa ameona jambo kama hilo kwenye mahindi, akaandika mwaka 1960, karibu hakuna aliyemsoma. Walioliendeleza ni Hal Hatch na Roger Slack, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya kampuni ya sukari Brisbane, Australia. Kuanzia mwaka 1966 walieleza kwamba muwa hupokea kwanza hewa ya ukaa kwa kimeng'enya kingine kisichodanganywa na oksijeni, kisha huisafirisha hadi kwenye chembe za ndani zinazozunguka mishipa ya jani, na kule huimwagia ile Rubisco kwa wingi hadi isipate nafasi ya kukosea. Mzunguko wa kaboni tano bado upo, ila umejengewa sebule.

Mahindi yanafanya hivyo, mtama pia, ulezi pia, na miwa ya Kakira na Lugazi. Migomba yetu haifanyi hivyo, wala maharage, wala viazi vitamu. Ukilima mtama na maharage katika shamba moja, kama mama zetu wanavyofanya, umepanda mifumo miwili ya usanisinuru bega kwa bega. Vitabu vingi huiita hii njia ya Hatch na Slack. Wao wenyewe, katika makala yao ya 1966, waliwataja watu wa Hawaii.